Kukariri vifungu si kuzungumza

Vijitabu vingi vya kujifunzia Kiingereza hudai kwamba mazungumzo ya kila siku ni suala la kukariri vifungu: salamu, bei, njia, shukrani. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Swali hukaririka, jibu la mgeni halikaririki, na mgeni hasemi kama kijitabu.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, pengo hilo huonekana kila Julai kwenye sherehe ya mwaka mpya iitwayo Mwaka Kogwa. Mgeni huuliza kwa nini kibanda cha makuti kinachomwa moto, au kwa nini wanaume wapigane kwa migomba kisha wapatane. Hapo salamu haisaidii kitu. Kueleza sababu kunataka nyakati za vitenzi, viunganishi na msamiati wa ugomvi na suluhu, vitu ambavyo vijitabu huviruka.

Hata mwanaisimu Mwingereza C. K. Ogden, aliyetoa mwaka 1930 orodha yake ya maneno 850 tu ya Kiingereza chepesi, aliifungamanisha na kanuni za kuyaunganisha. Watetezi wa vifungu huchukua ufupi wa orodha na kuacha kanuni.

Wengine husema skuli itaziba pengo, kwa kuwa sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 iliamua hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Lakini hicho ni Kiingereza cha vipimo na majaribio, si cha kupatana bei ya ngalawa. Kifungu hufaa kinaposikilizwa ndani ya mazungumzo marefu, kikabadilishwa neno moja moja, kisha kikajibiwa na mtu asiyekikariri.