Mwiko Mkononi, Ami Mlangoni

Leo naleta kesi mbele yako, nawe uwe hakimu.

Likizo ya Desemba mamangu alikuwa zamu ya usiku. Wadogo zangu wawili walikuwa wakinitazama kama vifaranga wanaongoja mahindi. Basi nikaingia jikoni kupika tambi, zile ambazo dukani huitwa spageti. Zikiwa zinatokota, ami yangu akabisha hodi, akanikuta na mwiko mkononi. Jamani! Ungedhani nimefumaniwa nikiiba.

"Wewe umeshatoka jandoni. Unatafuta nini kwenye meko ya mamako?"

Sikumjibu, maana mkubwa hajibizwi. Lakini karatasi haichapwi kiboko, kwa hivyo namjibu hapa.

Desturi hiyo tunayo kweli sisi Wakalenjin, wala siicheki. Ila ami huyo huyo akija mjini Eldoret hula chapati hotelini, na anayezisukuma ni mwanamume mwenye mikono kama ya mchimba visima. Mbona hapo haulizi kitu? Kwani mwiko huwa wa kiume ukilipwa mshahara?

Na tambi zenyewe, si mchezo! Pakiti ilisema dakika 10. Mji wetu uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, si 100 kama kule Mombasa. Nikaongeza dakika nne. (Mwalimu wa Fizikia, umeona sikuwa nalala?) Ukwaju hauoti kwenye baridi yetu, hutoka Ukambani na Pwani, lakini sokoni haukosekani. Niliuloweka katika maji moto, nikaukamua, nikachuja kokwa. Kisha nikakaanga vitunguu, saumu na pilipili mbili mbichi mpaka vitunguu vikalegea, ndipo nikamimina ukwaju. Ukiharakisha kuutia, uchachu wake huvifanya vitunguu vibaki vigumu. Kijiko cha sukari, chumvi, halafu tambi zikaingia. Na baada ya kukata pilipili, tafadhali usijifikiche macho. Mimi nilijifikicha.

Wapo watakaosema ati huu ni upishi wa kigeni. Kweli, Thailand hutia ukwaju katika tambi zao, na kule Sichuan, Uchina, hutia siki na pilipili. Lakini Waswahili wa pwani yetu nao hupika tambi, ila wao huzitia sukari, tui la nazi na iliki. Mimi nimebadilisha utamu kwa uchachu tu.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Wavulana wengi wa shule hii, wakimaliza, watapanga chumba kimoja mjini wakitafuta kazi au wakisoma chuo. Mama hatakuwepo. Dada naye ana maisha yake, hakuzaliwa awe mpishi wetu. Nimemwona binamu yangu akiishi kwa mandazi na soda wiki nzima, na jiko la gesi liko pale kando ya kitanda, jipya, halijawashwa. Je, huyo ndiye mwanamume kamili kuliko mimi?

Ami aliketi, akaletewa sahani. Alikula yote, akafuta jasho la pilipili, akaaga bila kusema neno. Likizo ya Aprili nitapika tena, na nimeshamwalika.