*TAMKO LA TAWI: SHAMBA NI LETU, DHAHABU SI YETU*

Ndugu wanachama wenzetu,

Tangu wenye leseni za dhahabu waanze kupita mashambani, swali tunalopokea ni moja: "Nina hati, wataingiaje?" Wengine wanauliza kama kuna bima ya kukata ili hati ilinde na kilicho chini. Tunajibu wazi, hata kama jibu halitawafurahisha wote.

Hati, hata ya kimila, inatupa haki ya kuitumia ardhi. Haitupi madini. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Marekani mwenye ardhi anaweza kumiliki na madini ya chini, na bima ya hati ipo, lakini hata huko mara nyingi bima hiyo huyaacha madini nje. Hapa kwetu hakuna bima itakayokupa kisicho chako. Anayekuja kukuuzia, mkimbie.

Hata hivyo sheria hiyohiyo imetuachia kitu kikubwa: saini. Kifungu cha 95 kinamzuia mwenye leseni kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa, au mita 50 kutoka shamba lililolimwa, bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali. Akiharibu mazao, miti au majengo, anatakiwa kulipa fidia ya haki. Lakini ukikataa bila sababu ya msingi, Waziri anaweza kuliondoa sharti hilo la ridhaa. Kwa hiyo saini yako ni ya kujadiliana nayo, si ya kugomea tu.

Hapo ndipo tunapojiharibia wenyewe. Mwenzetu mmoja alisaini karatasi ambayo nafasi ya kiasi ilikuwa wazi. Alipewa pesa ya "usumbufu", akaambiwa nyingine baadaye. Miembe imekatwa, mwaka umepita, na nakala hana. Kwenye hesabu, deni lisiloandikwa halilipwi.

Na tusiwalaumu wageni peke yao. Aliyeipeleka karatasi ile nyumbani kwake ni kiongozi wetu wa shina, naye alipokea chochote. Kamati imemwita ajieleze. Kiongozi hawezi kuwa dalali wa mashamba ya waliomchagua.

*Tunawaomba:*

1. Usisaini karatasi yenye nafasi wazi, wala usiyopewa nakala yake siku hiyohiyo.
2. Piga picha leseni, namba yake ihakikiwe kwa Afisa Madini Mkazi.
3. Kabla ya kazi kuanza, hesabu miti, majengo na mazao, andika na piga picha, mbele ya shahidi.
4. Kama mmekubaliana mgao wa viroba vya mawe, uandikwe ni vingapi, na nani anahesabu.
5. Shamba la familia lisisainiwe na baba peke yake. Mama awepo, asome au asomewe.

Kila Jumamosi saa 10 jioni tutakuwa ofisi ya tawi kusoma karatasi zenu, bila malipo. Asiyejua kusoma asione haya kuja. Aliyekwisha saini naye aje, tuone kinachoweza kuokolewa.

*Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.*