Kasumbalesa si Mlango wa Paradiso



Kila inapotajwa nchi ya Zambia, katika Lubumbashi, Likasi au Kipushi, husikika kauli mbili. Ya kwanza ni ya kustaajabu: ng'ambo ya Kasumbalesa kuna utaratibu, kuna amani, kuna unga, huko ndiko watu wanaishi. Ya pili ni ya majivuno: sisi ndio wenye shaba, sisi ndio matajiri, wao hutuuzia mahindi tu. Kauli zote mbili ni uvivu wa fikra, na zote mbili hutuondolea wajibu wa kuuliza swali lenye maana.

Tuichukue ile ya kustaajabu. Ni kweli kwamba wastani wa pato la Mzambia unakaribia mara mbili ya pato la Mkongo. Ni kweli pia kwamba Umoja wa Mataifa, katika kipimo chake kinachounganisha umri wa kuishi, elimu na kipato, unaiweka Zambia katika kundi la kati na Kongo katika kundi la chini. Lakini wastani hauli bukari. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, zaidi ya nusu ya Wazambia wamo katika umaskini uliokithiri. Mnamo Novemba 2020 serikali yao ilishindwa kulipa madeni ya nje. Mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya Kariba, na umeme ukakatwa kwa saa nyingi kila siku. Anayevuka mpaka akitafuta paradiso atamkuta upande wa pili mkulima mwenye mashaka yale yale aliyoyaacha nyumbani.

Sasa tuitazame ile ya majivuno. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa kuchimba shaba, baada ya Chile, na hutoa zaidi ya mara tatu ya shaba ya Zambia. Lakini Wazambia ni takriban milioni 20, na sisi tumepita milioni 100. Gawanyeni shaba kwa idadi ya watu, nanyi mtaona kwamba kila Mzambia ana fungu kubwa kuliko kila Mkongo. Utajiri tunaojivunia haukutosha kamwe kutulisha bila kazi nyingine.

Hapo huingia kisingizio cha tatu, kibaya kuliko vyote: eti madini ni laana. Mwamba wa shaba ni mmoja, toka Kolwezi hadi Ndola. Mpaka ulichorwa na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19, ukawakata Wabemba, Walamba na Walunda vipande viwili. Kama mwamba ungekuwa na laana, ungewalaani wote sawasawa. Migodi ya pande zote mbili ilianguka: Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka chini ya 50,000 katika miaka ya 1990, na Zambia, iliyokaribia tani 700,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifikia mwaka 2000 ikiwa na takriban 250,000.

Basi tofauti imetoka wapi? Mwaka 1991 Kenneth Kaunda alishindwa katika kura, akaondoka. Mwaka 2011 na 2021 chama tawala kilishindwa tena, kikaachia madaraka. Sisi tuliona vita vya kujitenga vya 1960 hadi 1963, vita vya Shaba vya 1977 na 1978, kisha vita vilivyoanza mwaka 1996. Rais wa kwanza kumkabidhi mwenzake madaraka kwa amani baada ya uchaguzi tulimwona mwaka 2019. Tena kuhusu unga: serikali ya Zambia hutumia fedha za umma kuwapa wakulima mbolea na kununua mahindi ya akiba. Sisi, juu ya udongo unaofanana na wao, tunangojea malori. Na Zambia ikifunga uuzaji wa mahindi nje, bei hupanda mara moja katika masoko yetu. Tofauti hizi zimeletwa na maamuzi ya watu. Na yaliyoamuliwa na watu yanaweza kuamuliwa upya.

Kwa hiyo, mtu akiwaambia kwamba huko ni bora, mwulizeni: bora kwa nani, tangu lini, na kwa uamuzi wa nani? Kisha lirudisheni swali nyumbani. Sheria yetu ya madini ya mwaka 2018 inaagiza kwamba asilimia 15 ya mrabaha unaolipwa na makampuni iende kwa komuni, sekta au usheferi ambako madini yanachimbwa. Je, ni kijana gani kati yetu anayejua kiasi kilichopokelewa na eneo lake mwaka uliopita, na kilijenga nini? Kikundi cha vijana kumi kinaweza kuandika barua, kuomba hesabu hiyo, na kuisoma mbele ya watu wote. Tujue kwanza fedha zetu zimekwenda wapi. Baada ya hapo ndipo tutakuwa na haki ya kuhesabu barabara za jirani.