Thamani ya injini ya kale ni ushahidi, si nguvu pekee

KESI iliyoamuliwa na Mahakama Kuu jijini London mnamo 1990 ingali funzo kwa kila anayenuia kununua injini ya gari la kifahari la kale ili kulifufua.

Kampuni moja ilikuwa imekubali kulipa pauni milioni 10 kwa gari la Bentley lijulikanalo kama Old Number One, lililoshinda mbio za Le Mans, Ufaransa, mnamo 1929 na 1930. Baadaye ilikataa kulipa, ikidai halikuwa gari lile halisi. Ni kweli kwamba vipuri vingi vilikuwa vimebadilishwa, na injini ya lita 6.5 ilikuwa imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na ya lita 8. Hata hivyo, mahakama iliamua kuwa historia ya gari hilo haikuwahi kukatika, na mnunuzi akatakiwa kutimiza mkataba.

Uamuzi huo unadhihirisha kwamba katika biashara hii, kinachouzwa si chuma tu bali pia ushahidi. Injini ambayo nambari yake inalingana na ile iliyoandikwa na kiwanda gari lilipoundwa huwa na bei kubwa kuliko nyingine ya aina iyo hiyo, hata ikiwa hiyo nyingine inanguruma vyema zaidi.

Uhaba nao huchangia. Jaguar ilianza kutumia injini yake ya XK mnamo 1948 na kuendelea kuitengeneza kwa zaidi ya miaka 40, hivyo kupata moja si kazi ngumu. Kwa upande mwingine, Mercedes-Benz 300 SL zenye milango ya kufunguka kuelekea juu zilikuwa 1,400 tu, zilizoundwa kati ya 1954 na 1957. Mwenye gari hilo akipoteza injini yake hana pengi pa kukimbilia.

Penye faida hapakosi walaghai. Nambari ya zamani inaweza kusagwa na mpya kugongwa mahali pake. Ndiposa mnunuzi makini huchunguza alama za kusagwa, na katika Jaguar za XK hulinganisha nambari iliyo kwenye bloku na ile ya kichwa cha silinda. Kisha huomba cheti cha kumbukumbu za kiwanda, kama kile kinachotolewa na hifadhi ya Jaguar nchini Uingereza.

Baada ya karatasi, chuma chenyewe hukaguliwa. Bloku iliyopasuka kwa baridi au joto, silinda zilizochongwa hadi zikawa nyembamba, na pistoni zilizoganda kwa kutu zaweza kufanya gharama ya karakana ipite bei ya ununuzi.

Suala hili lawahusu Wakenya pia. Kwa jumla, magari yaliyotumika kwa zaidi ya miaka minane hayaruhusiwi kuingizwa nchini, hivyo basi magari ya kale yaliyopo ni hazina isiyojazwa upya kwa urahisi. Anayebadilisha injini sharti aandikishe mabadiliko hayo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), na kumbukumbu hizo ndizo zitakazotetea thamani ya gari kesho.

Aliyerithi injini kuukuu kutoka kwa babu yake asikimbilie kuipima kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu. Kwanza aipanguse vumbi, asome nambari yake.