Mbegu ya Jira Inayoshinda Mnyauko

Wakulima, kila mtu apikaye pilau anaijua jira, ile ambayo watu wa Pwani huiita bizari nyembamba. Nchi inayolima jira nyingi kupita zote duniani ni India, hasa katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan. Si nia yangu kuwaambia mng'oe mahindi mpande jira. Mmea huu hutaka baridi kidogo na hewa kavu, na ninyi mlio katika skimu za nyanda za juu, ambako mawingu na umande hukaa mpaka saa nne, mtapata hasara tu. Lakini iko mbegu moja ya jira ambayo yafaa muisikie habari zake, kwa sababu wengi wa wakulima wa Gujarat wana shida kama yenu: shamba ni dogo, na udongo ukiugua hakuna mahali pengine pa kuhamia.

Adui yao ni mnyauko. Huletwa na kuvu iitwayo fusariamu, ambayo hukaa ndani ya udongo, huingia kwa mizizi na kuziba njia za maji katika mmea. Leo mmea ni kijani. Siku chache baadaye umeinama na kukauka, ingawa udongo una maji. Kunyunyiza dawa juu ya majani hakusaidii, maana adui yuko chini. Tena kuvu hiyo hubaki ardhini miaka mingi hata jira isipopandwa, na yaweza kuletwa na mbegu iliyotoka shamba lenye ugonjwa. Wale waliopoteza viazi kwa mnyauko wataelewa vizuri, ingawa ugonjwa wa viazi huletwa na bakteria, si kuvu.

Huko Jagudan, wilaya ya Mehsana katika Gujarat, kiko kituo cha serikali cha utafiti wa viungo vya mbegu kama jira. Kazi ya kutafuta mbegu shupavu ni rahisi kueleza, lakini yataka uvumilivu. Wataalamu hutenga shamba ambalo udongo wake umejaa kuvu makusudi, yaani shamba gonjwa, kisha hupanda humo jira za aina nyingi. Nyingi hufa. Zile chache zinazosimama huvunwa mbegu zake, zikapandwa tena mahali palepale pabaya, mwaka baada ya mwaka. Kwa uchaguzi wa namna hii ilipatikana mbegu iitwayo GC-4, yaani Gujarat Cumin 4, iliyotolewa kwa wakulima mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilienea upesi katika Gujarat, ikavuka hata Rajasthan.

Faida kwa mkulima haihitaji maneno mengi: anavuna pale ambapo angeng'oa makapi. Mnunuzi naye anafaidika, na jambo hili husahauliwa. Mmea wa jira ukishikwa na mnyauko karibu na mavuno, si lazima ufe upesi. Waweza kuzaa, lakini punje zake huwa nyembamba, nyepesi na zilizokunjamana. Katika soko la Unjha, ambalo ni soko kubwa la jira huko Gujarat, wafanyabiashara hutazama punje kabla ya kutaja bei. Punje iliyojaa yenye harufu nzuri ndiyo wanayoitaka. Mwaka 2023 jira ilipoadimika, bei katika soko hilo ilipita rupia 60,000 kwa kilo 100, jambo lisilopata kuonekana kabla ya hapo. Mavuno yakipungua shambani, hata mpishi wa pilau wa Mombasa huhisi mfukoni.

Kwa maoni yangu mkulima hukosea anapouliza kwanza, "Mbegu hii hutoa magunia mangapi?" Aulize kwanza yastahimili nini, na haistahimili nini. GC-4 hushinda mnyauko, lakini ugonjwa wa kuunguza majani, unaokuja siku za mawingu, haiushindi. Mkulima akiona mawingu yametanda wakati wa maua bado ana wasiwasi, na yampasa kulikagua shamba lake kila siku. Tena akipanda jira mahali palepale kila mwaka, anaipa kuvu nafasi ya kujifunza kuishinda ile mbegu. Ndiyo maana huko huambiwa wabadilishe na ngano au haradali.

Nasi tuna mfano wetu. Ugonjwa wa matunda ya kahawa ulionekana hapa Kenya mwaka 1922, na dawa yake imekula fedha za wakulima miaka mingi. Ruiru 11 ilipotolewa mwaka 1985, mkulima mdogo alipata mti unaouhimili ugonjwa huo. Lakini baadhi ya wanunuzi walinung'unika kwamba kikombe chake hakifikii kile cha SL28, na wakulima wengi wakasitasita. Basi wataalamu wanaotutafutia mbegu yawapasa kumwita mnunuzi mapema, aonje na kupima kabla mbegu haijatolewa. Naye mnunuzi anayetaka mazao yasiyo na mabaki ya dawa, na alipe bei inayolingana na usumbufu wa mkulima. Sioni haki katika kumwambia mtu apunguze dawa, kisha kumlipa sawa na yule anayenyunyiza kila wiki.

Kabla ya mvua zijazo, mwulize afisa wa kilimo wa mahali pako ni ugonjwa gani uliomo katika udongo wako, ndipo uende dukani. Soma karatasi iliyo juu ya pakiti ya mbegu. Ikiwa haitaji ugonjwa hata mmoja, mwulize mwenye duka. Asipojua, nenda duka la pili.