Kasongo na Kabambare: tununue mikro inayofaa nyumba zetu

Kijana wa kusini mwa Maniema akitaka kuanzisha podikasti, mara nyingi huulizia ile mikro kubwa ya kondensa aliyoiona kwenye video za YouTube. Hata mashirika yanayosaidia redio za jamii huweza kuleta hiyo hiyo. Maoni yangu ni tofauti: kwa Kasongo na Kabambare, pesa ya kwanza iende kwenye mikro ya dinamiki.

Mikro ya kondensa inanasa hata sauti ndogo sana. Ndani ya studio iliyozibwa vizuri, hiyo ni faida kubwa. Lakini sisi tunarekodi chini ya mabati, kati ya kuta tupu, huku jenereta ya jirani inanguruma na pikipiki zinapita. Mikro ya dinamiki haina usikivu huo mkali. Msemaji akiikaribia kwa upana wa vidole vinne, sauti yake inafunika kelele za mbali. Mvua kubwa ikipiga mabati, basi hapo tungojee tu. Hakuna mikro itakayotuokoa.

Tena, kondensa nyingi za studio zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikseri, na si kila mikseri ya zamani inao. Dinamiki haiuhitaji. Pia ni ngumu: Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, ingali inauzwa hadi leo. Kifaa cha kubebwa kwenye pikipiki, katika vumbi na mashimo ya barabara zetu, kinapaswa kuwa cha namna hiyo.

Ila tusinunue jina tu. SM58 haichomekwi moja kwa moja kwenye kompyuta. Inataka mikseri au kadi ya sauti, na za bandia ni nyingi sokoni. Shure SM7B, maarufu kwa podikasti, hutoa sauti dogo inayohitaji kukuzwa kwa takriban desibeli 60. Bila mashine nzuri ya kuikuza, utasikia mchakato wa kelele tu. Anayeanza na kompyuta afikirie Samson Q2U: inaingia kwenye USB leo, na kwenye mikseri kesho.

Hili si suala la urembo. Mzee wa Kabambare anayesimulia historia kwa Kibangubangu, au mama aliyekimbia mapigano, huenda asirudie maneno yake mara ya pili. Rekodi hiyo ikipita kwenye WhatsApp hadi Kindu au Bukavu bila kueleweka, ushahidi wake umepotea, na msikilizaji anazima.

Kwa hiyo, wafadhili, kabla ya kufungua mfuko, waulizeni watangazaji swali moja: mnarekodia wapi?