Adapta Haibadilishi Umeme, Acheni Kutudanganya!

Waungwana, leo nimekuja na hasira kidogo. Mtanisamehe.

Kuna maneno yanayouzwa hapa Nakuru, kuanzia maduka ya vifaa vya stima hadi vibanda vya simu: "Chukua hii adapta, kitu chochote cha Marekani kitafanya kazi." Si kweli, na maneno hayo yanaunguza mali za watu. Kila Desemba jamaa zetu wanarudi kutoka Marekani, masanduku yamejaa blenda, mashine za kunyoa na draya za nywele. Ikifika Januari, vitu vile vile viko kwa fundi. Na lawama? "Stima ya Kenya ni kali."

Hapana! Stima yetu ni volti 240, hezi 50. Ya Marekani ni volti 120, hezi 60. Hakuna iliyo kali wala iliyo pole, ni mifumo miwili tu.

Sisi tunaoandika programu tunalijua jambo hili vizuri. Umbo la plagi, hata kama lilitokana na historia tu, leo linafanya kazi ya ukaguzi. Plagi ikikataa kuingia kwenye soketi inakuuliza: una hakika? Adapta inafuta swali bila kulijibu. Ni kama kuficha ujumbe wa hitilafu halafu kutangaza kwamba programu imepona.

Haya, tupige hesabu. Draya ya wati 1500 iliyotengenezewa volti 120 huvuta ampea 12.5. Ipe volti 240: mkondo unakuwa mara mbili, ampea 25, na kwa kuwa volti nazo ni mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Wati 6000, kwenye soketi ya ampea 13! Waya wa ndani ukikatika upesi, umepoteza draya tu. Usipokatika upesi, una moto mkononi, karibu na kichwa cha mteja. Na adapta nyingi za bei ya chini hazina fyuzi wala hazipitishi waya wa ardhi.

"Lakini chaja ya simu yangu kutoka huko inafanya kazi!" Ndiyo, kwa sababu imeandikwa 100-240V, 50/60Hz. Imeundwa kupokea umeme wa pande zote mbili. Sifa ni ya chaja, si ya adapta.

"Basi nitanunua transfoma." Vizuri, mradi uwezo wake wa wati unatosha. Lakini transfoma inashusha volti tu. Hezi zinabaki 50, vile vile kama zilivyotoka Olkaria. Saa ya mezani inayohesabu mapigo ya stima ya hezi 60 itachelewa dakika 10 kila saa. Mota nyingi zitazunguka polepole. Maikrowevu iliyotengenezewa hezi 60 pekee itapata joto kupita kiasi kwenye transfoma yake ya ndani.

Tena msifikiri ni shida ya Marekani peke yake. Japani ni volti 100, na nchi yenyewe imegawanyika: Tokyo hezi 50, Osaka hezi 60, tangu miaka ya 1890 mji mmoja ulipoagiza jenereta za Ujerumani na mwingine za Marekani. Wajapani wenyewe husoma lebo wanapohama, sembuse sisi?

Kwa hiyo nasema hivi. Wauzaji, andikeni kwenye pakiti maneno mawili kwa herufi kubwa: HAIBADILISHI VOLTI. Hayawagharimu chochote. Wasipotaka, KEBS iwalazimishe, maana hii si biashara tena, ni kumuuzia mtu hatari huku ukimwambia ni usalama.

Na wewe ndugu yetu uliye Dallas au Minneapolis, kabla hujafunga sanduku geuza kifaa usome lebo. Ikisema 100-240V, 50/60Hz, lete, karibu sana. Ikisema 120V, 60Hz peke yake, kiache huko huko utume pesa. Mama atanunua blenda ya volti 240 hapa mjini, na ikiharibika ana risiti ya kuirudisha.

Adapta inabadilisha meno ya plagi tu. Atakayekuambia zaidi ya hapo anataka pesa yako.